Kwa Nini Tunajifunika Uso Tunapomchezesha Jiddu

Yule kijana wenu mrefu, anayetafuna miwa hata wakati wa mazoezi, aliniuliza juzi kwa nini kundi letu la vikaragosi hujifunika uso kwa kitambaa cheusi. Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akamjibia kwamba ni mtindo, kauona kwenye simu, hata Wajapani hufanya hivyo. Mimi nikainama nikajifanya natafuta sindano. Vijana wa siku hizi mna bahati, swali halijafika chini simu imeshalidaka.

Jibu halikutoka Japani. Lilitoka Arabuni, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, na nimeona niliandike kwa sababu nikilisema nitaanza utani nikalikwepa, kama nilivyolikwepa muda wote niliowafundisha.

Tulieni basi. Mimi na Mzee Wambua, huyo mnayemkuta barazani akichonga kwa kupapasa tangu presha ya macho ilipompofusha, hatukuwa wafanyakazi wenza tu. Tulipendana, mwanamume na mwanamume. Tungali tunapendana. Majirani wanatuita wale wazee wa Arabuni, na sisi tunaitika. Mji tunaokaa sitautaja, na jina langu mnalijua. Asiyelijua hana haja nalo. Kama kuna anayekunja uso, akunje, lakini asiondoke, maana humu ndani kuna kazi ya kujifunza na mimi sirudii somo.

Wakati huo mawakala walikuwa wakizoa watu. Dada zetu wa Kenya walikwenda kufanya kazi za nyumbani, wanaume udereva na ulinzi, waliosoma uuguzi na ualimu. Mimi nilikwenda kwa vikaragosi. Hata wakala aliniuliza kama ni kazi kweli au ninamtania. Kampuni iliyonichukua ilikuwa ikizungusha michezo ya watoto, leo kwenye ukumbi wa shule, kesho kwenye jumba la maduka, wiki ijayo mji mwingine. Katika karatasi za huko hapakuwa na kazi ya kuchezesha vikaragosi, kwa hiyo ikama yangu, yaani kibali cha kukaa, ilisema mimi ni mpakiaji mizigo. Sikuona uongo mkubwa humo. Jukwaa tulilipandisha wenyewe juu ya haisi na kulishusha wenyewe, na mgongo wangu unatoa ushahidi mpaka leo.

Makazi yetu yalikuwa nyuma ya ghala la kampuni, Al-Sulay, Riyadh, mtaa wa malori na maghala. Huko nilimkuta Wambua amekaa juu ya kreti, kisu mkononi, akinusa kipande cha ubao. Kwao Ukambani alikuwa akichonga twiga na swala wa kuwauzia watalii. Ikama yake ilisema seremala.

"Wewe ndio Mtanzania?" akaniuliza.

"Natoka Tanga."

"Sawa, Tanga. Shika hii. Iko light ama naota?"

Ulikuwa ubao wa kasha lililoletea mashine, mbao nyeupe, nyepesi kama mkate mkavu. Nikamwambia haoti. Tangu siku ile jina langu kwake ni Tanga, na kutokana na makasha yale ndipo alipozaliwa Jiddu, babu mwenye nyusi za manyoya ya mbuzi mnayemchezesha mpaka leo. Jiddu ni neno wanalowaitia babu zao kule. Mbao zake zilisafiri dunia kabla yenu.

Kichwa cha kwanza kilikuwa kizuri mno, na kilikuwa kibaya mno. Wambua alikichonga kwa mapenzi yote, mikunjo, mashavu, pua ya mtu anayependa kuingilia mambo, lakini hakukitoboa ndani. Msimamizi wetu, Maalim Khatibu, akaniambia nikinyanyue juu mpaka yeye amalize chai yake. Mtu yule alikunywa chai kama anaisoma. Mkono wangu ukaanza kutetemeka, Jiddu akawa anatikisa kichwa kama anakataa kuoa.

"Umeona?" Maalim akamwambia Wambua. "Kichwa cha kikaragosi kama mtungi. Uzuri nje, ndani tupu. Nenda katoe nyama."

Huyo Maalim Khatibu mumjue vizuri. Alikuwa Mzanzibari mfupi, msafi, kofia yake haijapinda hata kwenye upepo wa mchanga. Hakukosa sala na hakuvumilia uzembe. Zamani alikuwa mchezaji wa vikaragosi, na sifa yake ilikuwa kushika miguu. Mnadhani kichwa ndicho kazi, na ndiyo sababu mnagombania kichwa. Kichwa husema, lakini miguu ndiyo inayoaminiwa. Kikaragosi akielea hewani, mtoto mdogo kabisa anajua anadanganywa. Yeye ndiye aliyetufundisha kutia nati kwenye visigino ili mguu uanguke wenyewe kwa uzito wake, nanyi kazi yenu iwe kuuinua tu. Nani kazitoa nati kwenye mguu wa kulia wa Jiddu? Azirudishe.

Jiddu huchezwa na watu wawili, nanyi mnajua. Mimi nilishika kichwa na mkono wa kulia, Wambua miguu na mkono wa kushoto. Sauti ilitoka kwenye mashine, Kiarabu kilichorekodiwa na mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Mwanzoni nilikuwa sielewi hata neno, lakini mdomo hauhitaji maana, unahitaji pumzi. Anayeanza hufunga mdomo kwa kila neno, tap tap tap, kikaragosi anakuwa kama bata. Fungua kwa neno, kisha legeza, utajifunga wenyewe.

Siku moja, shuleni, mashine ilikatika katikati ya sentensi. Jiddu amebaki mdomo wazi mbele ya watoto ukumbi mzima. Mimi nikavuta pumzi, sijui hata kwa nini, nikamfanya akune kichwa. Hapo hapo mguu wa kushoto ukaanza kugonga meza taratibu, tak, tak, kama mzee aliyesahau alichotaka kusema na anajikasirikia. Watoto wakacheka. Jiddu akawatazama, akaangalia juu, mguu ukasimama, ukagonga tena. Mashine iliporudi walimu walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Wambua hakuwa amenisemesha wala kunigusa. Aliisikia pumzi yangu, basi.

Sijui ni lini hasa ilianza kuwa kitu kingine. Mkicheza kikaragosi kimoja watu wawili, mnapumua pamoja kutwa, na mtu unayepumua naye kutwa, ukiwa mbali naye unahisi hewa imepungua. Nilikuwa mtu mzima, mvi zimeanza. Nilikuwa nimeshajizoesha kwamba jambo hilo katika maisha yangu halitakuja. Likaja likiwa limevaa ovaroli na vumbi la mbao masikioni. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa umri wangu.

Furaha ile ilikaa pamoja na hofu katika chumba kimoja. Kwa jambo letu, kule palikuwa na jela na viboko, na ukitoka hai unarudishwa kwenu huku kila mtu anajua sababu. Hata huku kwetu msidhani tungepokewa kwa ngoma. Kwa hiyo tulijiwekea sheria. Vitanda vyetu ncha mbili za chumba. Kwenye haisi yeye mbele na dereva, mimi nyuma na masanduku. Tukila, tunagombana kidogo mbele za watu kuhusu chumvi. Lakini sheria kubwa tuliipata kwa Maalim bila yeye kujua anatupa nini.

Alitukusanya siku moja akamshika Jiddu, akamchezesha vizuri mno, Jiddu anavua kiatu, anakinusa, anajuta. Kisha, mkono ukiwa bado unacheza, Maalim akainua macho akatazama juu. Wote tukatazama juu.

"Mnaangalia nini?" akauliza. "Feni? Kikaragosi kimekufa hapa na nyinyi mnaangalia feni. Macho ya watu yanafata macho yako. Ukimwangalia Jiddu, Jiddu yu hai na weye hupo. Ukiangalia pengine, watu wote wanakwenda huko ulikoangalia. Halas, somo limekwisha."

Sisi wawili tuliondoka na somo lile tukaishi nalo. Popote penye watu, sikumtazama Wambua. Nilitazama sahani, nilitazama gurudumu, nilitazama mawingu yasiyokuwepo. Nikizidiwa, namtazama Jiddu. Nilimtazama Jiddu sana miaka ile.

Aliyetufundisha uzito wa sheria hiyo ni Jun, fundi cherehani wetu, Mfilipino. Jun alikuwa kama sisi ila hakujua kunong'ona. Kicheko chake kilisikika mpaka ghala la jirani. Alikuwa na rafiki, kinyozi, na siku moja alimtazama kinyozi wake mbele ya mtu mbaya. Ni hilo tu. Asubuhi moja tulikuta cherehani imefunikwa. Maalim akasema, "Mafi Jun," yaani Jun hayupo tena, akageuka akaenda kuhesabu nyaya ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Jun alikaa mahabusu, kisha akarudishwa kwao. Alikuwa akimshonea Jiddu kanzu mpya, amebakiza upindo wa mkono wa kushoto. Ndiyo kanzu aliyovaa hadi leo, na ndiyo sababu mkono huo unachanika nyuzi. Nimewasikia mkisema mtaupinda. Msiupinde.

Kila baada ya muda tulikwenda Jeddah na haisi, jukwaa juu, Jiddu ndani ya sanduku amefungwa taulo. Jeddah tulikaa Al-Hindawiyah, chumba cha darini, joto la maji maji, nguo hazikauki. Tuliupenda mji ule kwa sababu watu wake wa kila rangi hawakuwa na muda wa kutuchunguza. Siku za mapumziko tulishuka Al-Mahjar kula chapati za mama mmoja wa Mombasa. Siku moja tulikuwa tunagombania sukari kama kawaida yetu, mama akacheka akasema, "Nyinyi wawili mwagombana kana kwamba mwaishi nyumba moja miaka thalathini." Wambua akasonya, akasema huyu Mtanzania ni stress tupu. Mama akaenda zake kugeuza chapati. Ile niliyokuwa nayo mkononi nilishindwa kuimaliza.

Basi tulikuwa Jeddah, tumebakiza mchezo mmoja katika jumba la maduka, Maalim alipopanda darini na habari. Bosi wetu, tuliyemwita baba, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wetu, mdhamini wa vibali vyetu, anataka makundi mawili. Moja likae Riyadh, jingine likae Jeddah.

"Tanga atarudi Riyadh na Jiddu," Maalim akasema. "Mkamba atabaki hapa achonge wengine, afunze vijana. Kesho mchezo wenu wa mwisho pamoja. Kesho kutwa baba anapanga watu, yalla, kila mtu njia yake."

Akashuka. Kutoka Jeddah hadi Riyadh ni safari ya kutwa nzima kwa gari, na ruhusa ya kusafiri ilikuwa mkononi mwa kafili. Tungemwambia nini? Kwamba mpakiaji mizigo anamkumbuka seremala?

"Ni job tu," Wambua akasema, akiwa ameupa uso ukuta. "Si tutapigiana simu."

"Tutapigiana."

"Na utatafuta mtu wa miguu. Usichukue yule Mnepali, anavuta miguu kama anatoa maji kisimani."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nasema wazi: niliogopa kuliko nilivyoogopa jela. Jela nilikuwa naiwazia kwa mbali. Hili lilikuwa kesho kutwa.

Mchezo wenyewe mnaujua, ule wa Jiddu anayemngoja mjukuu wake arudi safari. Jiddu anapika, anaunguza, anapoteza kiatu, anakikuta kichwani. Mwisho anakaa kwenye kigoda, amechoka, haongei. Mashine iko kimya. Kisha inasikika hatua nje, na Jiddu anainua kichwa kutazama mlango. Hapo ndipo watu hulia, na kazi yote ni ya kichwa. Miguu haitakiwi kufanya kitu. Mshika miguu anatakiwa kumtazama Jiddu tu na kungoja.

Ukumbi ulijaa familia. Baba alikuwa amekaa safu ya mbele. Tulifika kwenye kigoda. Nikavuta pumzi ya kuinua kichwa, na nikaisikia pumzi ya Wambua haikuja. Ikaja imekatika. Kichwa nilikiinua, Jiddu akatazama mlango, lakini hakuna mtoto aliyetazama mlango. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Wambua alikuwa ameinua macho. Wakati huo nyuso zetu zilikuwa wazi, nguo nyeusi ilikuwa ya mwili tu. Alinitazama kama hakuna mtu mwingine mle ndani, macho yamejaa, na ukumbi mzima ukafuata macho yake mpaka usoni pangu, kama alivyotufundisha Maalim kwa feni. Kosa lile asingelifanya mtu asiyekuwa mchezaji. Mtu mwingine akitazama, ametazama peke yake. Sisi tukitazama, tunatazama na watu wote.

Msichana mdogo wa mbele akaninyooshea kidole akamuuliza mama yake, na Kiarabu changu kilikuwa kimeshakomaa kiasi cha kuelewa: "Ndiye huyu Jiddu alikuwa anamngoja?"

Watu wakacheka kwa wema. Mimi nikamsimamisha Jiddu, nikamwinamisha kwa watu, Wambua akarudi kwenye miguu, tukamaliza. Baba hakucheka. Nilimwona akiinamia sikio la Maalim.

Maalim alitukuta nyuma ya pazia. Alifunga mlango, akakaa juu ya sanduku la Jiddu, na kwa mara ya kwanza nikaona kofia yake imekaa upande.

"Baba kauliza Mkamba ana nini," akasema. "Nimemwambia jasho limemwingia machoni."

Wambua akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Skilizeni. Mie s'kuulizeni kitu, na nyinyi msinambie kitu. Nikijua, itanibidi n'seme. Nisipojua, sina la kusema. Mmefahamu?"

"Tumefahamu, Maalim."

"Sura zenu haziaminiki tena mbele za watu." Akavuta kipande cha pazia jeusi kilichobaki, akakichana kati kwa meno na mikono. "Kuanzia leo mnajifunika. Mkiulizwa, jasho. Baba atapenda, atadhani ni sanaa."

Ndiyo hivyo kilivyozaliwa kitambaa chenu. Kilikuwa pazia, kikachanwa kwa meno ya Mzanzibari aliyekasirika. Lakini siku ile sikukishukuru. Kitambaa kinasaidia nini, kama kesho tunapangwa, mimi Riyadh na mwenzangu Jeddah?

Siku ya kupanga watu ilipofika, baba alikuja ukumbini ametulia, tasbihi mkononi. Si mtu mbaya. Alikuwa na biashara na alitaka iwe mbili. Maalim akasimama akamwambia kuna jambo moja dogo, Jiddu amezoea watu wawili hawa, huenda akasumbua. Baba akasema watu wote wana mikono na miguu, atajifunza mwingine.

"Sawa, baba," Maalim akasema. "Basi wacha mie nishike miguu, uone mwenyewe."

Nikaona tumekwisha. Hakukuwa na mshika miguu kama yeye. Miguu ile Wambua aliifundishwa na yeye, nati za visigino alizitia yeye. Akishika yeye, Jiddu atatembea kama mtu aliyezaliwa na mama, na baba ataona kumbe mtu wa miguu yeyote anafaa. Nikamtazama Maalim nikijua ametuuza kwa adabu.

Nikavuta pumzi. Mguu wa kulia ukachelewa. Nikavuta nyingine, ikaja miguu yote miwili pamoja, Jiddu akaruka kama mbuzi anayevuka mfereji. Nikampeleka kwenye kigoda, akakaa pembeni ya kigoda. Mguu wa kushoto ukapanda juu ya wa kulia, ukanasa. Maalim alikuwa anahema, anaomba radhi, anajaribu tena, na kila akijaribu Jiddu anazidi kulewa. Vijana wa kampuni walikuwa wanatazama, wale aliowapiga kofi la kisogo kwa kosa dogo kuliko hayo. Mmoja akacheka kwa sauti. Maalim hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa Jiddu muda wote, kama inavyotakiwa.

Baba akaweka tasbihi mfukoni. "Halas, halas," akasema. "Umezeeka, Khatibu. Waache hao wawili pamoja. Jeddah tafuta wengine."

Maalim akamlaza Jiddu sandukuni, akamfunga taulo, akaenda kuchukua udhu. Siku ile Wambua alikaa juu ya ngazi za dari akalia kama mtoto, na mimi nilikaa ngazi ya chini yake nikitazama barabara. Kwa vijana wale Maalim hakuwa tena bingwa wa miguu. Alikuwa mzee aliyeaibika mbele ya bosi. Waliiga mwendo ule kwa muda mrefu, na yeye akawaacha waige.

Tulifanya kazi pamoja miaka kadhaa baada ya hapo, nyuso zimefunikwa, Riyadh na Jeddah na miji ya katikati. Mambo yakabadilika sana. Muziki uliokuwa haramu kumbini ukaja, zikaja taa za rangi, vioo vikubwa vya picha, majukwaa ambayo hatukuyabeba sisi. Wapiga picha walitutaka tuvue vitambaa watuone. Tulisema jasho.

Siku tunaondoka kabisa, Maalim alitusindikiza mpaka uwanja wa ndege. Nikamwambia, "Maalim, ahsante."

"Ya nini?"

"Ya miguu."

Akainama akakaza kamba ya sanduku la Jiddu, ambayo ilikuwa imekazwa. "Miguu ile ilikuwa mibaya kweli," akasema. "Baba kasema kweli, n'shazeeka." Hakutuangalia, aliangalia sanduku. Nami nikajua anatuaga.

Sasa jibu mnalo. Kitambaa si mtindo, na si sheria ya sanaa. Anayetaka kukivua akivue, kazi haitaharibika iwapo macho yake yapo mahali pake. Na wawili kati yenu, sitawataja na msianze kutazamana, nimewaona mazoezini. Pumzi zenu zinaingia pamoja hata mkiwa mmepumzika. Mkihitaji kitambaa, vipo vingi kabatini, na mkihitaji watu wa kuongea nao, baraza letu mnalijua na chai ipo.

Mkifika mtamkuta Wambua. Hukaa hapo tangu asubuhi na kisu chake, anachonga kwa vidole. Nikipita kwenda jikoni uso wake hunifuata, kwa sababu anasikia pumzi, ndiyo kazi yake tangu zamani. Nikikaa mbele yake kumenya viazi, ananikazia macho mpaka viazi vinakwisha. Mtaa mzima hupita pale, wauza samaki, wanafunzi, imamu wetu, wanasalimu na kwenda zao. Zamani nilikuwa nikishtuka, nikigeuka kuona nani ameona. Maalim alisema watu hufuata macho ya mchezaji, na hakukosea. Lakini hakuna mtu anayefuata macho ya kipofu, kwa hiyo sasa Wambua ananitazama mchana kutwa, mbele ya watu wote.